Kimulimuli juu ya barafu: jinsi wavuvi wa wolai walivyoacha kungoja

Leo naziweka kando hifadhidata na simu za rununu, naandika juu ya samaki. Tafadhali usifunge dirisha bado! Hii ni historia ya kifaa cha umeme chenye mota ndogo na taa inayozunguka, kifaa kilichobadilisha uvuvi wa majira ya baridi huko Amerika ya Kaskazini kuliko ndoano yoyote iliyowahi kutengenezwa. Ukiwa mtu wa kuandika programu utayatambua maswali yake haraka: data inatoka wapi, inachelewa kiasi gani, na nani anayehesabu.

Chanzo ni binamu yangu anayeishi Brooklyn Park, Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi, hasa watu wa Kisii. Mwenzake wa kazini alimpeleka ziwani mwezi wa Februari. Akanitumia picha ya kisanduku chenye duara la taa nyekundu na za kijani, na swali: "Wewe mtu wa tarakilishi, hiki ni nini? Huyu jamaa anakitazama kuliko anavyotazama shimo lenyewe." Nilimjibu kwa mistari mitatu, kisha nikaendelea kusoma mpaka majogoo yakawika. Haya ndiyo niliyokusanya.

Samaki anayetafutwa na kisanduku hicho ni walleye, ambaye kuanzia hapa nitamwandika wolai ili ulimi usikwame. Jina lake la kisayansi ni Sander vitreus. Waojibwe, ambao ni wenyeji wa asili wa maziwa hayo, humwita ogaa. Wakanada wanaosema Kifaransa humwita doré kwa sababu ya rangi yake ya dhahabu. Minnesota ilimfanya samaki rasmi wa jimbo mwaka 1965, na ukimtaja vibaya mbele ya mtu wa huko ni kama kutania ugali mbele yetu.

Siri yake iko kwenye jicho. Nyuma ya retina ana tabaka linaloakisi mwanga, kama la paka. Mwanga uliopita bila kunaswa unarudishwa upite mara ya pili. Ndiyo maana jicho lake huonekana kama kioo chenye ukungu, na ndiyo maana huona kwenye giza ambalo samaki wadogo anaowala hawaoni vizuri. Kwa hiyo huwinda wakati wa machweo na alfajiri, dakika chache ambazo yeye anaona na chakula chake hakioni. Mvuvi asiyejua hilo anaweza kukaa mchana kutwa akapata mafua tu.

Sasa, barafu. Sisi wa Kisumu na Mombasa twaweza kuuliza samaki hawa wanaishije ziwa likiganda. Jibu ni kwamba maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, siyo 0. Yale ya nyuzi 4 yanazama chini, yaliyo baridi zaidi yanabaki juu, na ndiyo yanayoganda. Barafu inaelea na kuwa kama paa, chini yake ziwa linaendelea na maisha. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri barafu mpya, angavu na imara, iwe na unene wa inchi 4 kabla mtu hajatembea juu yake, na inchi 9 au 10 kwa gari dogo. Ndiyo, gari. Watu wanaendesha magari juu ya ziwa! Kwenye Mille Lacs, ziwa la kilomita za mraba 500 na zaidi katikati ya jimbo hilo, hujitokeza kila mwaka mji mzima wa vijumba vyenye vitanda na majiko, wenye barabara zinazofyekwa theluji, na ambao ni lazima uhamishwe kabla ya majira ya kuchipua.

Tatizo la mvuvi ni hili: paa hilo halina dirisha. Mvuvi wa mashua husoma upepo, ndege, rangi ya maji, mimea, anaweza hata kuburuta chambo mpaka akutane na samaki. Mtu wa barafuni ana shimo la inchi 8 au 10 na uwanda mweupe unaofanana pande zote. Historia yote ya vifaa vyake ni historia ya kujaribu kupata habari kupitia shimo hilo.

Waojibwe walilitatua zamani kwa njia ninayoiona nzuri sana. Mvuvi alitoboa shimo, akalala kifudifudi, akajifunika ngozi au blanketi kichwani na mabegani pamoja na shimo. Mwanga wa juu ukizuiwa, maji yenyewe yanang'aa, kwa sababu mwanga unapenya barafu na theluji kutoka pande zote. Akiwa gizani anaona chini kama mtu anayetazama sinema. Mkono mmoja unachezesha samaki wa bandia wa mbao mwenye mapezi na uzito wa risasi, anayeogelea kwa duara uzi ukivutwa. Mkono wa pili una mkuki. Samaki mkubwa anapokuja kumchunguza mgeni, anakutana na mkuki. Hakuna ndoano hapo. Habari inapatikana kwanza, halafu chombo ndicho kinafuata. Kumbuka mpangilio huo, maana wavuvi waliokuja baadaye waliupindua kwa miaka mingi.

Waojibwe walivua wolai usiku pia, maji yakiwa wazi, kwa mienge iliyowekwa kwenye mitumbwi. Wafaransa walipowaona wakaipa sehemu moja ya Wisconsin jina la Lac du Flambeau, ziwa la mwenge. Msomaji wa kwetu atakumbuka karabai za wavuvi wa omena, lakini mbinu si ileile. Omena hufuata taa. Kwa wolai mwenge ulikuwa wa kumwonyesha mvuvi yale macho yanayoakisi.

Walowezi walikuja na ndoano, na ndoano haikupi habari yoyote mpaka samaki aime. Kifaa chao maarufu cha barafuni ni kijimti kinacholazwa juu ya shimo, chenye gurudumu la mshipi chini ya maji na kibendera kwenye waya iliyokunjwa. Samaki akivuta, waya inafyatuka na bendera inasimama. Unaweza kuwa ndani ya kijumba ukinywa kahawa, ukaona bendera, ukatoka mbio. Wenzangu wa programu mtacheka: huu ni ukatizaji mtupu. Badala ya kuuliza kila sekunde "kuna samaki?", unaiacha mashine ikuite. Kifaa kizuri sana, tena hakihitaji betri. Ila kinakuambia habari ya samaki aliyekubali tu. Wale kumi waliopita, wakanusa chambo na kuondoka, hawaachi kumbukumbu yoyote.

Njia ya pili ilikuwa kuchezesha chambo kwa mkono. Kijiti kifupi chenye vigingi viwili vya kuzungushia mshipi, chubwi, ndoano, na subira. Unainua, unaachia, unangoja. Hapa Waskandinavia ndio waliochangia zaidi. Neno la Kiswidi pimpel, chambo cha chuma cha kuchezeshwa barafuni, limo ndani ya Swedish Pimple, kijichuma chembamba kinachometameta ambacho kampuni ya Bay de Noc ya Gladstone, Michigan, imekitengeneza kwa miongo mingi. Kutoka Finland kuna Lauri Rapala, aliyechonga chambo chake cha kwanza cha gamba la mti mwaka 1936, akakifunika kwa karatasi ya chokoleti na kukipaka filamu za picha zilizoyeyushwa. Jina lake liliingia Marekani kupitia wafanyabiashara wawili wa Minneapolis, Ron Weber na Ray Ostrom, na leo chambo kimoja cha kampuni hiyo, Jigging Rap, hakikosi kwenye sanduku la mvuvi wa wolai. Kinaning'inia kilalo kama samaki hai, kina pezi la plastiki mkiani, na kila ukikiinua kinachupa pembeni kisha kinarudi katikati kwa duara.

Umekitambua? Ni yule samaki wa mbao wa Waojibwe aendaye duara, sasa ana ndoano. Sisemi Finland waliiga. Nasema tatizo lilelile huzaa umbo lilelile, kama watu wawili wasiojuana wanavyoandika algorithimu moja.

Lakini mvuvi huyo, pamoja na chambo kizuri cha Kifini, alikuwa bado kipofu. Hakujua kina isipokuwa kwa kushusha chubwi. Hakujua kama chini yake kuna samaki au mchanga mtupu. Kwa kuwa kutoboa shimo kwa mtaimbo ni kazi ya kutoa jasho hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, akishatoboa hakutaka kuhama. Alikaa. Uvuvi wa barafuni ukapata sifa ya kuwa mchezo wa watu wanaokaa.

Mwaka 1957 huko Marekani familia ya Lowrance, baba Carl na wanawe, ilianza kuuza sona ndogo inayotumia transista. Sona ilikuwa imetumika baharini na kwenye vita, lakini vyombo vya enzi hiyo vilikuwa vikubwa na vilikula umeme mwingi. Transista ndiyo iliyoibeba sona kutoka kwenye meli hadi kwenye mashua ya mtu wa kawaida. Mwaka 1959 kikatoka kisanduku cha kijani kilichopendwa mno, na watu wengi mpaka leo hukiita hivyo tu, kisanduku kidogo cha kijani. Hakikutengenezwa kwa ajili ya barafu. Wavuvi wa kaskazini ndio waliokibeba hadi ziwani wakakitumbukizia sikio lake shimoni.

Kifaa hicho na wajukuu wake mimi nakiita kimulimuli, na hapa naomba dakika zako mbili, kwa sababu muundo wake ni miongoni mwa vitu vya kupendeza zaidi nilivyowahi kuvisoma.

Sauti husafiri kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa takriban mita 1,400 kwa sekunde. Samaki akiwa mita 7 chini, mlio unakwenda mita 7 na kurudi mita 7, jumla mita 14. Hiyo ni milisekunde 10. Swali la mhandisi wa 1957: bila prosesa na bila kumbukumbu, utapimaje milisekunde 10 na kumwonyesha binadamu?

Jibu: zungusha diski. Tuseme, kwa mfano, inazunguka mara 40 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja kila milisekunde 25. Funga taa ndogo ya neoni kwenye ukingo wake. Taa inapopita juu, penye sifuri, mlio unatoka na taa inawaka. Mwangwi ukirudi, taa inawaka tena, na kwa wakati huo diski imeshafika asilimia 40 ya duara. Kwa kuwa jambo hili linarudiwa mara 40 kila sekunde, jicho halioni taa inayozunguka bali vistari vilivyotulia: kimoja kwenye sifuri, kingine kwenye sakafu ya ziwa, na kati yao chochote kilichopo. Chapisha namba za kina kuzunguka duara na umemaliza. Hakuna hesabu yoyote iliyofanywa! Mota ndiyo saa, na pembe ndiyo jibu. Niliandika programu ndogo kuiga jambo hili kwenye tarakilishi yangu, ikanichukua mistari zaidi ya 100 kufanya kile ambacho wao walifanya kwa mota na balbu.

Kuna faida nyingine ambayo wavuvi waliigundua barafuni. Hakuna ucheleweshaji. Sona za karatasi na baadaye za skrini huchora historia inayosogea kutoka kulia kwenda kushoto, na skrini za kioevu huzubaa kwenye baridi kali. Kimulimuli kinaonyesha sasa hivi tu. Kwenye mashua historia inasaidia kwa sababu chombo kinatembea. Barafuni umesimama, na chambo chako mwenyewe kinaonekana kama kistari. Ukikiinua, kistari kinapanda papo hapo. Kistari cha pili kikitokea chini na kuanza kupanda, huyo ni samaki anayekuja kutazama.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Vexilar ya Minnesota ikaleta FL-8, kimulimuli cha rangi tatu: kijani kwa mwangwi hafifu, rangi ya chungwa kwa wa kati, nyekundu kwa wenye nguvu. Usidhani rangi ni pambo. Sona haitazami kwa mstari mmoja, inatazama kwa umbo la koni. Koni ya nyuzi 20 ikifika kina cha mita 7 inafunika duara la karibu mita 2 na nusu. Samaki aliye pembeni mwa koni hutoa kijani chembamba, na akisogea katikati, chini ya shimo, rangi inanenepa kuelekea nyekundu. Kwa hiyo kwa kipimo kimoja tu cha kina, mvuvi anapata pia fununu ya umbali wa pembeni. Hiyo ndiyo picha aliyonitumia binamu.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kimulimuli peke yake kisingetosha. Mtu aliyekaa juu ya shimo moja akiwa na sona anajua kwa uhakika zaidi kwamba hakuna samaki. Basi. Ili ujuzi huo uwe na faida ni lazima kuhama kuwe rahisi. Kekee za mkono zilikuwepo, zikiwemo zile kali za mji wa Mora, Sweden, na za mota ya petroli kama Jiffy ya Wisconsin zikafuata. Kisha akaja Dave Genz.

Genz ni mvuvi wa Minnesota ambaye, kuanzia miaka ya 1980, aliunganisha vipande vilivyokuwa tayari vipo. Aliunda hema linalokunjwa juu ya sleji ya plastiki, lenye kiti ndani. Unafika, unalivuta kichwani kama kofia ya kanzu ya mvua, unavua, unalirudisha, unaondoka. Aliweka kimulimuli na betri yake kwenye kisanduku kimoja cha kubeba. Akafundisha watu kutoboa mashimo mengi kwanza, kumi, ishirini, kabla ya kushusha mshipi wowote, halafu kupita shimo baada ya shimo akiwa na kimulimuli. Dakika chache bila dalili, hama. Hakuvumbua sona wala kekee wala hema. Alichobadilisha ni mwendo wa kazi. Waliokuwa wakingoja wakaanza kutafuta, na mpangilio wa Waojibwe, habari kwanza, ukarudi.

Mbinu ya wolai iliyotokana na hapo ni kama mazungumzo. Unashusha kijiko cha chuma chenye kichwa cha samaki mdogo kwenye ndoano mpaka karibu na sakafu. Unakiinua kiasi cha futi moja na kukiachia kianguke kikipepea, mara mbili tatu, ili kimuite aliye mbali. Kisha unatulia. Kijani kinatokea. Sasa mwanafunzi huchanganyikiwa na kuchezesha kwa nguvu, na kijani kinapotea. Fundi anatikisa kidogo tu, kisha anakipandisha chambo polepole kama windo linalotoroka. Kistari kikifuata juu, karibu huyo ameshaamua. Kikisimama, badilisha kitu: ukubwa, rangi, kasi. Kila jibu linaonekana. Kabla ya 1957 somo kama hilo lilihitaji miaka, kwa sababu samaki aliyekataa hakuonekana.

Sheria ya Minnesota inaruhusu mishipi miwili wakati wa baridi, wakati kiangazi ni mmoja. Kwa hiyo fimbo ya pili huachwa peke yake kwenye shimo la jirani, na samaki mdogo aliye hai akining'inia karibu na sakafu. Mara nyingi wolai huja kwa kelele za kijiko kisha anakula yule mtulivu wa pembeni. Fimbo moja ni tangazo, nyingine ni duka.

Kuhusu vifaa vingine nitapita haraka. Mshipi wa nailoni umechukua nafasi ya nyuzi zilizoloa na kuganda. Risasi inapungua, kwa sababu ndege wa majini wanaoimeza hufa kwa sumu yake, na tangsteni imeingia: ina uzito wa gramu 19 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11 za risasi, kwa hiyo chambo kidogo huzama upesi. Betri za lithiamu zimenyamazisha kekee za petroli. Kamera za chini ya maji zilienea mwishoni mwa miaka ya 1990. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilizima upotoshaji wa makusudi kwenye mawimbi ya GPS, na ghafla mvuvi aliweza kurudi kwenye mwamba aliouona Julai akiwa na mashua, sasa umefunikwa na nusu mita ya barafu. Huo mwisho ndio naupa uzito. Kimulimuli kinaona chini ya shimo, lakini GPS ndiyo inayokuambia utoboe wapi.

Halafu mwaka 2018 Garmin ikatoa LiveScope. Hii haitazami chini tu. Unaielekeza pembeni kama tochi na unaona samaki wakiogelea makumi ya mita kutoka ulipo, moja kwa moja, kwenye skrini. Sasa mvuvi anaona kundi liko upande gani, anatembea mbele yake, anatoboa, anashusha. Shimo limekuwa dirisha kweli.

Wengine wanataka ipigwe marufuku, na mashindano kadhaa ya uvuvi yameiwekea mipaka. Hoja yao ni kwamba samaki hana tena pa kujificha. Mimi naielewa hoja hiyo, hasa kuhusu wolai wakubwa wa kike wanaokaa maji yenye kina, ambao ndio mama wa ziwa. Samaki akivutwa kutoka chini sana, kibofu chake cha hewa kinavimba kwa sababu shinikizo la maji limepungua, na kumwachia hakumsaidii sana. Kwa kifaa hicho unaweza kumchagua mmojammoja. Lakini nikisoma historia naona wanasahau kitu: ziwa lililoanguka vibaya kuliko yote lilianguka bila skrini yoyote.

Ziwa hilo ni Red Lake, kaskazini mwa Minnesota. Ni maziwa mawili yaliyoungana. La chini lote ni la taifa la Red Lake la Waojibwe, na la juu limegawanywa, sehemu ya mashariki ikiwa ya jimbo. Mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, uvuvi wa kibiashara wa nyavu ulianzishwa hapo ili kuongeza chakula, na haukukoma vita vilipoisha. Watu wa Red Lake waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1929. Kwa miongo mingi ziwa lilitoa wolai kama kisima. Lakini nyavu upande mmoja, ndoano upande wa pili, na magendo gizani, kila mmoja alihesabu chake na hakuna aliyejumlisha. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 wolai wa kuzaa walikuwa karibu kwisha. Vifaa vilivyofanya kazi hiyo ni vile ambavyo babu angevitambua.

Mwaka uliofuatia kuanguka huko ungeweza kuwa wa kesi na matusi. Jirani zao walikuwa tayari mahakamani. Bendi ya Mille Lacs ilidai haki ya kuvua iliyoandikwa kwenye mkataba wa 1837, jimbo likapinga, na tarehe 24 Machi 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba haki hiyo bado ipo. Tangu hapo kiasi cha wolai kinachoweza kuvuliwa Mille Lacs hupangwa kila mwaka na kugawanywa kati ya jimbo na bendi zenye mkataba. Mgao huo una meno: Agosti 2015 jimbo lilifunga uvuvi wa wolai wa upande wake mapema kwa sababu sehemu yake ilikuwa imekwisha. Wenye hoteli na vijumba waliumia mfukoni, na wengi wao wakawalaumu Waojibwe. Idadi ya wolai wachanga waliofika ukubwani ilikuwa imeshuka kwa miaka mingi, na maji ya ziwa yalikuwa yamezidi kuwa maangavu, jambo baya kwa samaki anayetegemea giza.

Red Lake walifuata njia nyingine. Taifa la Red Lake liliacha uvuvi wake wa kibiashara lenyewe, kisha mwaka huohuo wa 1999 likatia sahihi makubaliano na jimbo na serikali ya Marekani: hakuna wolai wa kuchukuliwa, upande wowote. Vifaranga vya wolai vilimwagwa mwaka 1999, 2001 na 2003, jumla zaidi ya milioni 100. Na hapa ndipo mtu wa data anaposimama. Kabla ya kumwagwa, vifaranga hivyo vililowekwa kwenye dawa ya tetrasaiklini, ambayo inabaki kama alama kwenye mifupa midogo na kung'aa chini ya darubini yenye mwanga maalum. Miaka ikipita, ukimvua wolai unaweza kujua kama ni wa kumwagwa au amezaliwa ziwani. Walikuwa wameweka alama kwenye kila rekodi kabla ya kuiingiza, ili wakija kuuliza "je, ziwa linajizalisha lenyewe?" jibu liwepo.

Katika miaka hiyo ya marufuku, wavuvi wa barafuni hawakuondoka. Samaki wengine, krapi weusi, walikuwa wameongezeka mno kwa kukosa wolai wa kuwala na kushindana nao, na vimulimuli vikahamia kwao. Vijumba vilijaa upande wa mashariki kama kawaida.

Wolai walirudi, na wengi wakawa wamezaliwa ziwani. Siku hizi kila mwaka wataalamu wa pande zote mbili hutega nyavu za vipimo sehemu zilezile, na makarani hupita juu ya barafu wakiuliza wavuvi wamekaa saa ngapi na wamepata wangapi, wenye LiveScope na wenye kibendera vilevile. Idadi ya samaki unaoruhusiwa kupeleka nyumbani inatokana na hesabu hiyo. Mwezi wa Mei 2006 Red Lake lilifunguliwa tena kwa wolai, na watu wa taifa la Red Lake waliporudisha biashara yao walianza kwa ndoano, siyo nyavu.